Wafu wa vita za Marekani ni wa rais gani? Tujadili

Wadau naomba tulijadili hili kwa utulivu maana Jumamosi lilituharibia kikao. Tulikuwa msibani hapa Houston, baada ya kula tukakaa nje wanaume kama kumi hivi, stori zikahamia kwenye siasa za huku, kaka mmoja akasema Wademokrati ndo chama cha vita, angalieni Truman na Korea, angalieni Johnson na Vietnam, Wamarekani karibu 36,000 walikufa Korea na zaidi ya 58,000 Vietnam. Mwingine akamrukia, na Bush je, Iraq kaianzisha nani? Wakawa wanahesabiana maiti kama magoli, kidogo washikane mashati, na mwenye msiba yuko ndani analia. Mimi mpwa wangu kazaliwa hapahapa, ana miaka 20, mwaka jana kaingia jeshini, kwa hiyo hesabu za namna hiyo zinaniuma.

Msimamo wangu ni huu. Kumwandikia rais maiti kwa sababu tu ndo alikuwa Ikulu siku walipokufa ni hesabu ya uongo. Tazama nani alitoa amri, siku anaitoa alikuwa anajua nini, na alipoona mambo hayaendi alifanya nini.

Vietnam kwa mfano, watu wanaitaja kama vile ilianza siku moja. Eisenhower, Mrepublikani, alipeleka washauri wa kijeshi, Kennedy akawaongeza mpaka anauawa 1963 walishafika kama 16,000, halafu Johnson ndo akaingiza jeshi lenyewe. Agosti 1964 akatangaza meli za Marekani zimeshambuliwa mara mbili Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, akaomba Kongresi (bunge lao) impe ruhusa ya kupigana, na lile shambulio la pili baadae ikaja kujulikana halikutokea kabisa. Lakini kura zilikuwaje? Bunge la Wawakilishi 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Wawili tu jamani! Morse na Gruening, na wote wawili walikuwa Wademokrati, chama cha Johnson mwenyewe. Sasa hapo unakishtaki chama gani na unakiachia kipi? Johnson simtetei, mwaka 1968 peke yake walikufa Wamarekani zaidi ya 16,000 na yeye alishaambiwa na watu wake wa karibu kwamba ushindi haupo. Ila Januari 1969 kaingia Nixon, kaomba kura kwa kuahidi amani, vita ikaendelea miaka 4 mingine, wakafa karibu 21,000 tena, na Cambodia akaitwanga mabomu kwa siri bila hata wananchi wake kujua. Yule kaka akanijibu "Nixon alirithi". Sawa alirithi, ila ukirithi nyumba inaungua ukakaa nayo miaka minne ukiongeza kuni, utasema moto ni wa marehemu?

Upande wa pili nao wasishangilie. Iraq ni ya Bush, hapo sizunguki, Machi 2003 alichagua mwenyewe, Iraq haikuwa imeishambulia Marekani, zile silaha za maangamizi hazikuonekana, Wamarekani kama 4,500 wakafa na Wairaki mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini Oktoba 2002 Seneti ilipitisha kwa kura 77 kwa 23, na Maseneta wa Democratic 29 kati ya 50 walisema ndiyo, wakiwemo Kerry, Hillary Clinton na Biden. Wote watatu chama chao kikaja kuwasimamisha wagombee urais, tena kwa nyakati tofauti. Huwezi ukapiga kura ya ndiyo halafu ukaja kuniambia vita ilikuwa ya mwenzako.

Na hii ndo hasira yangu kubwa, Kongresi inaponyoka kila mara. Sheria waliitunga wenyewe 1973 baada ya Vietnam, tena wakampiku Nixon aliyeikataa, rais akiingiza jeshi vitani atoe taarifa ndani ya saa 48, na bila idhini yao mwisho siku 60. Obama 2011 akaipiga Libya zaidi ya siku hizo, akadai ule mpambano haufikii kiwango kinachotajwa kwenye sheria, na hawakumfanya kitu. Wabunge wanapenda iwe hivyo, vita ikienda vizuri walikuwemo, ikiharibika ni ya rais.

Afghanistan ndo kabisa. Wanajeshi wa Marekani waliokufa wengi walikufa wakati wa Obama kwa sababu Desemba 2009 alitangaza kuongeza wanajeshi 30,000, aliyeanzisha ni Bush, aliyesaini na Taliban mkataba wa kuondoa majeshi kule Doha Februari 2020 ni utawala wa Trump tena serikali ya Kabul haikuwemo, na aliyetoka ni Biden. Tarehe 26 Agosti 2021 bomu likalipuka getini uwanja wa ndege Kabul, wakafa wanajeshi 13 wa Marekani. Hao 13 wanatajwa kila kampeni. Waafghani kama 170 waliokufa getini hapohapo nani anawataja?

Hata sisi tunaijua hii. 7 Agosti 1998, balozi za Marekani Nairobi na Dar zikalipuliwa kwa mabomu, watu 224 wamekufa, Wamarekani 12. Mpaka leo vyama vyao vinabishana nani alimwachia Osama bin Laden, bosi wa al-Qaeda waliolipua, Clinton au Bush, na kwenye huo ubishi ndugu zetu zaidi ya 200 wamebaki kuwa tarehe tu.

Kwa hiyo nawauliza wa pande zote mbili, na mniandikie jibu la kueleweka sio matusi. 29 Agosti 2021, siku tatu baada ya lile bomu la getini, droni ya Marekani ilipiga gari la familia moja Kabul, wakafa raia 10, watoto 7. Jeshi lenyewe likakiri lilikosea. Hao watoto 7 nyie mnawaandika kwa rais yupi?