Naomba ushauri: mama ana dimenshia, tumchagulie makao gani?

BintiWaMwisho

Wakuu, habari zenu. Huwa nasoma tu humu, leo nina jambo linaloninyima usingizi.

Mama yangu ana Alzheimer, ile dimenshia inayomla mtu kumbukumbu na akili polepole. Ana miaka 76 na anaishi nami na mume wangu. Mchana tunamudu. Shida inaanza jioni: ikifika saa kumi na moja anabadilika kabisa. Anazunguka chumba hadi chumba, anatoa nguo zote kabatini, anazifunga kwenye shuka, anasema anakwenda kwao, watoto wanamsubiri. Watoto wenyewe ndio sisi. Nikimzuia ananisukuma. Hivi karibuni alitoka alfajiri sisi tumelala, jirani akamkuta barabarani miguu peku. Daktari wake ametuambia wazi kwamba sasa anahitaji mtu aliye macho saa 24.

Ndugu tumekubaliana kumtafutia makao ya wazee yenye kitengo cha watu wa hali yake, na tumebaki na mawili. Ya kwanza ni makubwa, mapya, yana bustani na ukumbi wa sinema, mapokezi yake kama hoteli. Ya pili ni nyumba ya kawaida yenye wakazi wachache. Viti vimechakaa, rangi imebanduka hapa na pale, lakini mhudumu aliyetufungulia mlango alimsalimia mama kwanza, akainama wakatazamana usoni, ndipo akatugeukia sisi. Kaka zangu wanataka ya kwanza. Mimi moyo uko kwa ya pili ila sina hoja ya kuwapa.

Mtu anaangalia nini hasa? Na mama aambiwe nini? Naombeni msaada wenu.

NesiWaZamu

Pole sana dada. Nimefanya kazi kwenye vitengo hivi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakwambia ninavyoviona kwa ndani.

Mlitembelea saa ngapi? Nadhani asubuhi, kwa miadi, meneja akiwatembeza. Saa hizo kila mahali panapendeza. Rudi jioni, saa ambayo mama yako huvurugika, maana na wenzake huvurugika saa hiyo hiyo, na mara nyingi ndipo zamu zinapobadilishana na watu wanakuwa wachache. Rudi pia mwisho wa wiki. Usitembezwe. Omba kukaa tu sebuleni kwa muda, utulie na utazame.

Tazama wakati wa kula. Anayemlisha mzee ameketi au amesimama? Anasubiri ameze ndipo aongeze, au anajaza kijiko huku anaongea na mwenzake? Dimenshia ikisonga mbele watu wengi hupata shida ya kumeza, na chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia. Kumlisha mtu haraka haraka ni hatari kweli, achilia mbali kumvunjia heshima.

Tazama kucha, meno, miwani. Miwani michafu usoni kwa mtu ina maana hakuna aliyemtazama vizuri tangu asubuhi. Kuhusu harufu: ya mahali pamoja ni ajali ya dakika hizo, inatokea popote. Ikiwa korido nzima inanuka mkojo, au imepuliziwa manukato mazito ya kuficha, basi watu hawabadilishwi kwa wakati.

Halafu kuna swali moja ambalo mimi nalithamini kuliko yote. Chagua mkazi yeyote, muulize mhudumu wa kawaida, siyo meneja: "Huyu mama alikuwa anafanya kazi gani zamani?" Akijua, ina maana anakaa naye na anaongea naye. Wote wakikuambia hawajui, ujue wafanyakazi wanakuja na kuondoka. Kwa mgonjwa wa dimenshia, sura zile zile kila siku ni sehemu ya matibabu.

MtotoWaMzee

Nesi kasema vizuri. Mimi naongeza upande wa mkataba, kwa sababu hapo ndipo familia yetu ilipoumia. Baba alilazwa hospitali kwa kuanguka. Makao aliyokuwa akiishi wakatupigia simu akiwa bado wodini: hatuwezi tena kumhudumia, njooni mchukue vitu vyake. Tulirudi kwenye mkataba na kweli iliandikwa, ukurasa wa ndani huko, kwamba wana haki hiyo.

Waulize moja kwa moja: mama akimpiga mtu, mnabaki naye? Akikataa kuoga? Akiacha kutembea? Ikifika hatua ya kulishwa na kugeuzwa kitandani, mnabaki naye mpaka mwisho? Akilazwa, kitanda chake mnakishikilia kwa siku ngapi na kwa malipo gani? Makao mengine yanamchukua mgonjwa mpole anayetembea, akizidiwa wanamtoa, na kumhamisha mtu wa hali hiyo ni kumvuruga upya.

Ulizia na ada inavyopanda. Sehemu nyingi bei unayotajiwa ni ya kulala na kula, halafu kila huduma inayoongezeka ina daraja lake. Nani anaamua mama amepanda daraja? Mnaarifiwa mapema kiasi gani? Ahadi ya mdomo usiipokee hata kama anayeitoa ni mtu mwema. Iandikwe.

Jabali

Samahani kama nitawaudhi. Mimi hili la kumpeleka mzazi kwa wageni linanishinda. Yeye hakutupeleka popote tulipokuwa tunajichafua. Watoto mpo, shikaneni zamu.

MkeWaMwalimu

Ndugu Jabali, nakuheshimu na najua unasema kwa upendo. Mume wangu nilimlea nyumbani mpaka nikaanguka jikoni nikiwa peke yangu naye, na yeye hakujua kwamba inabidi aite mtu. Kazi hii ya saa 24 kule wanaifanya watu wa zamu tatu, wanaokwenda kulala wakitoka. Alipohamia kwenye makao nilirudi kuwa mke wake. Niliacha kugombana naye kuhusu kuoga, nikawa naenda kumshika mkono na kumwimbia. BintiWaMwisho hamtupi mama yake. Angekuwa anamtupa asingeuliza maswali haya.

TabibuWaWazee

Naandika kama daktari. Mambo mawili.

La kwanza, kabla hujamhamisha, hakikisha hali hii ya sasa ni ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa dimenshia akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, tafuta chanzo kingine: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), choo kigumu, maumivu asiyoweza kuyaeleza, upungufu wa maji mwilini, dawa mpya. Hata baadhi ya dawa za mzio na za usingizi zinazouzwa bila cheti, kama diphenhydramine, huzidisha mchanganyikiwo kwa wazee. Ikiwa mabadiliko yamekuja polepole kwa miezi, hapo kweli huenda ni ugonjwa unasonga.

La pili, na hili ndilo ningeliuliza kwanza kwenye makao yoyote: mgonjwa akihangaika jioni, mnafanya nini kabla ya dawa? Jibu zuri ni refu. Watakwambia wanamtembeza, wanaangalia kama ana njaa au maumivu au anataka choo, wanawasha taa mapema, wanampa kazi ya mikono, wanaweka muziki wa ujana wake. Jibu baya ni fupi: "Daktari wetu anaandika kitu cha kumtuliza." Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya kwamba dawa za magonjwa ya akili za kundi linaloitwa antipsychotics, wanazopewa wazee wenye dimenshia ili watulie, huongeza hatari ya kufa. Kuna wakati zinahitajika, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, familia ikiwa imeelezwa. Kwa mwenye dimenshia ya Lewy, ambayo ni aina nyingine ya dimenshia, dawa ya kundi hilo kama haloperidol inaweza kumdhuru vibaya sana. Ukiingia sebuleni saa nne asubuhi ukakuta karibu wote wamesinzia vitini, uliza kwa nini.

ShangaziYupoMbali

Familia yetu iko ughaibuni. Shangazi aliongea lugha ya ugenini vizuri kabisa miaka yote, ugonjwa ulipokolea ikamtoka, akabaki na Kiswahili peke yake. Wahudumu waliandika kwenye faili kwamba "anapiga kelele zisizoeleweka". Kumbe alikuwa anaomba maji. Aliye nje aulize zamu ipi ina mtu anayeielewa lugha ya mgonjwa, na kama hayupo, muwatengenezee kadi zenye picha na maneno: maji, choo, naumwa, nasikia baridi.

Na kuhusu ukubwa wa jengo: huko Uholanzi, mji wa Weesp, kuna kijiji cha wagonjwa wa dimenshia kinaitwa De Hogeweyk, kipo tangu 2009. Watu hukisifia kwa barabara zake na duka lake, lakini kilichonivutia mimi ni kwamba wakazi wanaishi kwenye nyumba za watu sita au saba tu, kila nyumba ina jiko lake na maisha yake. Kwa hiyo makao madogo usiyadharau.

BintiWaMwisho

Mungu awabariki wote. Nimerudi kote jioni, bila miadi.

Kwenye makao makubwa wakazi walikuwa wamepangwa mbele ya runinga, mhudumu mmoja kwa ukumbi mzima, na mzee mmoja alikuwa anavuta kitasa cha mlango uliofungwa mpaka nikashindwa kutazama. Niliuliza lile swali la Nesi. Hakuna aliyejua.

Kwenye makao madogo palikuwa na mama analia anamtaka mama yake. Mhudumu alikaa chini kando yake akamwambia, "Nisimulie, alikuwa mtu wa namna gani?" Yule mama akaanza kusimulia, kilio kikaisha chenyewe. Nilipouliza alikuwa anafanya kazi gani nikaambiwa fundi cherehani, ndiyo maana wanampa vitambaa akunje.

Lakini kuna kitu kinanitia hofu. Usiku wana mhudumu mmoja tu aliye macho, mwingine analala humo humo ndani. Na mama yangu ni mtu wa kutoka usiku. Nesi, hilo linakubalika?

NesiWaZamu

Inategemea aliyelala anaamka vipi. Waulize: mkazi akianguka na mwingine anaelekea mlangoni, aliye macho anamwitaje mwenzake? Mlango una kengele au kihisi? Moto ukitokea wasiotembea wanatolewaje, na mara ya mwisho walifanya zoezi lini? Wakikuonyesha, siyo kukusimulia, mimi ningeridhika. Kingo za kitanda usikubali ziwe ndiyo suluhisho lao, mtu anayetaka kutoka huzipanda na kuanguka kutoka juu zaidi.

Kuhusu kumwambia: usimtangazie siku nyingi kabla, atasahau habari na kubaki na hofu yake. Mpeleke asubuhi, akiwa ametulia. Shuka lake, kiti chake na picha zake za ujana vitangulie chumbani. Akisema anataka kwenda kwao, usibishane naye wala usimkumbushe kwamba wazazi wake walishafariki, muulize habari za huko kwao. Na waandikie ukurasa mmoja: jina analopenda kuitwa, anaoga saa ngapi, analala upande gani, nini humtisha, wimbo gani humtuliza. Omba ubandikwe ndani ya mlango wa kabati lake, ili hata wa zamu ya dharura ausome.

BintiWaMwisho

Asante sana Nesi. Kaka mkubwa nimempa uzi huu ausome wote, amekubali tuende pamoja Jumamosi jioni, na maswali ya mkataba ya MtotoWaMzee atayauliza yeye. Mkojo wa mama unapimwa kesho. Ule ukurasa nimeshauanza, nimekwama kwenye wimbo. Nampigia mama mdogo sasa hivi, yeye atakuwa anaujua.