Sarafu moja ya Afrika Mashariki, kubaki na shilingi yetu, au kuunganisha malipo tu: ipi inaifaa Tanzania?

LumbesaKaratu (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Nauza vitunguu vya Mang'ola na wateja wangu wakubwa ni Wakenya. Kila msimu ni yale yale: mnunuzi anafika na lori, tunaelewana bei ya gunia, halafu yanaanza mabishano ya pili, ya chenji. Yeye ana shilingi za Kenya. Vibarua wa kuvuna na mwenye shamba wanataka za Tanzania. Januari 2024 mzigo wa laki moja ya Kenya ulikuwa unatoa kama 1,570,000 za kwetu. Kufikia mwisho wa Machi laki ile ile ilikaribia 1,950,000. Vitunguu vile vile, lumbesa ile ile.

Sasa najiuliza, ile sarafu moja ambayo marais walisaini itifaki yake Kampala mwaka 2013 imefia wapi? Ninavyoona njia ni tatu: tuingie kwenye sarafu moja, tubaki na shilingi yetu kama tulivyo, au tubaki nayo lakini tuunganishe mifumo ya malipo. Mimi naegemea ya kwanza. Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

MamaTaveta

Jirani, mimi niko upande wako. Sokoni kwetu Taveta shilingi zote mbili zinapokelewa. Kila mama ana kiwango chake kichwani, na sijawahi kuona kiwango hicho kikimwumiza mwenyewe 😀. Anayelia ni mteja. Wafanyabiashara wakubwa wana akaunti za dola, hawasumbuki. Anayekatwa ni mama wa ndizi na mchele anayevuka Holili asubuhi na kurudi jioni: anabadilisha akienda, anabadilisha akirudi, na kijana wa chenji anakula katikati mara mbili. Sarafu moja ingemwondoa huyo kijana kesho.

Bwana Nakisi

Kaka Lumbesa, hesabu yako mwenyewe inakupinga. Ile tofauti ya karibu laki nne ilitoka wapi? Si kwa kijana wa chenji mpakani Namanga. Kenya ilikuwa na deni la hatifungani (mkopo kutoka kwa wawekezaji) ya dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na watu wenye fedha zao wakawa na wasiwasi kama litalipika. Dola ikavuka shilingi 160 za Kenya. Februari serikali yao ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuanza kulinunua lile deni la zamani kabla ya siku yake. Hofu ikapungua, shilingi ikarudi kwenye 130 hivi. Muda wote huo shilingi yetu ilikuwa inatambaa tu kwenye 2,500 na ushee kwa dola.

Yaani hofu ya deni la Kenya iliishia Kenya. Kwa sarafu moja, mwenye daladala Mbeya ambaye hajawahi kuiona Nairobi angelipia mafuta kwa bei ya hofu hiyo.

Itifaki yenyewe inajua hatari hii, ndiyo maana iliweka masharti ya kuingia: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti (matumizi yanayozidi mapato), misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma (kwa thamani yake ya sasa) lisizidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5. Uyatimize yote miaka mitatu mfululizo. Lengo lilikuwa 2024, likasogezwa hadi 2031. Na wakati wa kusaini tulikuwa nchi tano, leo tuko nane. Sudan Kusini na Somalia ziingizwe kwenye masharti hayo kwa dawa gani?

Halafu kuna hili watu hawapendi kulisema. Sarafu moja inataka mfuko wa kusaidiana: nchi mmoja akiumwa, wengine wachange. Sisi hata michango ya kuendesha ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki Arusha tunaitoa kwa kusukumana. Nani atamchangia jirani aliyekopa kupita uwezo wake?

Mzee wa Pangani

Vijana mnabishana kana kwamba jambo hili ni jipya. Sisi tumeitumia sarafu moja. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921 ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikaingia 1936. Senti kumi ilikuwa na tundu katikati, watoto tukiitunga kwenye uzi. Noti za 1964 zilikuwa na picha ya jahazi ziwani, picha ya Malkia imeshaondolewa. Ungeweza kutoka Tanga hadi Kampala bila kuulizwa chenji na mtu.

Ila mjue iliendeshwaje. Bodi ya sarafu iliwekwa London mwaka 1919, na makao yake hayakuhamia Nairobi hadi 1960. Kila shilingi ilitegemea pauni iliyowekwa Uingereza, na serikali zetu zilikuwa karibu hazina sauti juu ya fedha ziongezwe au zipunguzwe. Baada ya uhuru kila nchi ilikuwa na mpango wake wa maendeleo, na viwanda vimerundikana Nairobi. Wakajaribu kukubaliana juu ya benki kuu moja, wakashindana ni nani atakuwa na neno la mwisho. Juni 1965 ikatangazwa kila mmoja ashike njia yake, na Juni 1966 Benki Kuu yetu ikafunguliwa, Edwin Mtei akiwa gavana wa kwanza. Noti hazikuwa na tatizo. Waliokuwa wanagombania usukani ndio walioivunja.

MamaTaveta

Shikamoo mzee. Lakini hiyo ilikuwa mali ya mkoloni, ya sasa tungeitunga wenyewe. Na Bwana Nakisi, unaigeuza hoja upande mmoja. Kama deni la Kenya lingekuwa ndani ya uchumi wa nchi nane, huenda hofu isingefika 160. Mdogo akiwa peke yake ndiye anayetikiswa na upepo.

Bwana Nakisi

Dada, hilo linawezekana pale wengine wakiwa wamesimama imara. Nitajie hao wengine.

Mtanzania_Maseru

Naishi Lesotho kwa kazi, niwape picha ya huku. Loti yao moja ni sawa na randi moja ya Afrika Kusini, na Namibia na Eswatini ni hivyo hivyo. Kwa mnunuzi ni raha tupu: duka la Maseru linachukua randi bila swali na kukurudishia chenji ya mchanganyiko. Ila vuka daraja uingie Afrika Kusini na maloti mfukoni uone wanavyokuangalia. Riba inaamuliwa Pretoria kwa kuangalia hali ya Afrika Kusini. Botswana ilijitoa 1976 ikaanzisha pula, na kwa vile ina almasi na nidhamu ya bajeti, sijasikia mtu huko akililia randi.

Afrika Magharibi wana somo lingine. Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya pamoja ya nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, ilishushwa thamani kwa nusu: faranga moja ya Ufaransa ilikuwa CFA 50, ikawa 100. Nchi zote za ukanda zikashushwa siku moja, aliyekuwa hoi na aliyekuwa na nafuu. Lakini msiishie hapo: Mali ilijitoa 1962, ikahangaika na faranga yake, ikarudi 1984. Kwa hiyo kuwa na sarafu yako si ushindi kama huwezi kuilinda.

Lubumbashi243

Ndugu zangu, sisi Wakongomani tumekwisha ingia sarafu ya wengine bila itifaki: dola. Kodi ya nyumba, gari, hata karo za shule nyingi hapa Lubumbashi ni dola. Na dola yenyewe iwe safi: ikichanika kidogo tu pembeni, muuzaji anakurudishia, unabaki na pesa ambayo Marekani ingepokelewa ila Kongo hapana. Faranga ni ya chenji na sokoni. Mkituuliza sisi, sarafu ya Afrika Mashariki tungeichukua leo. Walau kiti kimoja mezani tungekuwa nacho. Kwa Wamarekani hatuna hata nafasi ya kusimama mlangoni.

LumbesaKaratu

Hiyo ya Maseru na ya Lubumbashi zimenichanganya kwa njia nzuri. Na ile njia ya tatu, ya malipo? Mbona hakuna aliyeigusa?

Bwana Nakisi

Ndiyo ninayoitetea. Mfumo wa malipo unaounganisha benki kuu za Jumuiya upo kwa zaidi ya miaka kumi. Kutumiana pesa kwa simu kati ya Kenya na Tanzania kumewezekana tangu 2015. Kinachokula hela ni kwamba benki nyingi bado zinapitisha malipo kwenye dola: shilingi ya Kenya inageuzwa dola, dola inageuzwa shilingi yetu, makato mara mbili. Ukiondoa hiyo dola ya katikati umemsaidia mama wa ndizi, na bado umebaki na usukani wako.

Kwako wewe kaka Lumbesa: wewe na mnunuzi andikianeni kiwango cha siku ya kupakia, kile kinachotangazwa na Benki Kuu, si cha kijana wa mpakani.

LumbesaKaratu

Kupanga bei kwa shilingi ya Tanzania kungekuwa rahisi zaidi, lakini nikiitaja wanashusha bei ya gunia. Ila kiwango cha siku ya kupakia nitawaambia msimu huu. Mrundi hayupo humu atupe ya kwao?

Buja_Rohero

Nipo, nasoma tu. Huku dola ina bei mbili, ya benki na ya barabarani. Mei 2023 benki kuu yetu ilipandisha bei rasmi kwa zaidi ya theluthi ili ikaribie ya barabarani, na barabara nayo ikasogea mbele. Swali langu kwa Dada wa Taveta: siku ya kuingia kwenye hiyo sarafu, akiba ya mama yangu mtaibadilisha kwa bei ipi kati ya hizo?