Nimeacha sigara, lakini kiu yake ina saa zake: nifanye nini?

Nahodha wa Mokowe

Assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Lamu mjini, na nimevuta sigara tangu ujana, pakiti nzima kwa siku, na zaidi ya hapo wakati wa msimu wa wageni. Mwezi huu daktari aliyenipima alinieleza waziwazi kwamba moyo na mapafu yangu havitastahimili moshi kwa muda mrefu, nami nikaona heri niache mara moja kuliko kupunguza kidogo kidogo. Nimeacha, alhamdulillahi, lakini hali niliyo nayo wiki hii sikuitarajia, na ndiyo maana naomba msaada wa wenye ujuzi na wa waliopitia njia hii.

Usiku nashtuka nikiwa nimetota jasho, na kutoka hapo hadi alfajiri moyo unakwenda mbio. Mchana hasira zinanipanda kwa jambo dogo kama kamba iliyofungwa ovyo gatini. Tumbo limefunga, njaa haiishi, na nikishika hesabu ya mafuta mistari inanipotea. Hayo yote nayavumilia. Linalonishinda ni kiu yenyewe, ambayo ina saa zake. Nikiwa baharini, injini ikinguruma na dumu la petroli liko karibu na miguu yangu, siikumbuki sigara hata kidogo, kwa kuwa hapo sijawahi kuwasha. Mara tu ninapofunga boti na abiria wa mwisho kuteremka, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Na usiku, baada ya Isha, muuza kahawa anapofika barazani na dele lake, kikombe cha kwanza cha kahawa chungu hakijaisha kabla kinywa kizima hakijaanza kudai moshi.

Naomba kujua hali hii huchukua muda gani, nifanye nini katika zile dakika zenyewe kiu inapopanda, na kama chingamu na plasta za nikotini zinafaa au ni kuhamisha uraibu tu. Rafiki zangu wananishauri nile tambuu yenye tumbaku, au nitumie ugoro, ili mwili upoe polepole.

Muuguzi, Malindi

Wa aleikum salaam, nahodha, na hongera kwa uamuzi wako. Nahudumia wagonjwa wa kifua na wa shinikizo la damu hapa Malindi, na karibu dalili zote ulizozitaja nazisikia kila mara kutoka kwa wanaoacha sigara. Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hivi, kisha kiasi kilichomo damuni hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na ndiyo sababu mvutaji wa pakiti nzima hawezi kukaa muda mrefu bila kuwasha nyingine. Kwa miaka mingi ubongo wako umezoea kupokea dozi hiyo mchana kutwa, na sasa unaidai. Dalili huanza ndani ya siku ya kwanza, hupanda kilele siku ya 2 au ya 3, na nyingi hulegea baada ya wiki 2 hadi 4. Njaa ndiyo hukawia kuondoka, na watu wengi huongezeka kilo chache katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo, ikiwa hii ni wiki yako ya kwanza, uko katika sehemu iliyo ngumu kuliko zote.

Kuna dalili moja, hata hivyo, ambayo sitaki uipachike kwenye sigara haraka. Mtu akiacha nikotini, mapigo ya moyo kwa kawaida hupungua, hayaongezeki. Moyo kwenda mbio usiku wa manane kunanifanya niulize habari za kahawa. Moshi wa sigara una kemikali zinazolisukuma ini kuivunja kafeini, yaani kile kiamshaji kilichomo katika kahawa, kwa kasi kubwa, na moshi ukikatika, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache. Matokeo yake ni kwamba vikombe vile vile ulivyozoea kunywa vinaweza kuacha damuni kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya zamani. Mtu hukosa usingizi, hutetemeka, hushikwa na wasiwasi, akaamini kwamba mwili unalilia sigara, kumbe ni kahawa. Nakusihi upunguze kahawa kwa nusu kuanzia leo na usiinywe kabisa baada ya Alasiri. Barazani omba chai ya tangawizi isiyo na majani ya chai, au maji ya moto yenye iliki. Ini hufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa, ikiwamo teofilini ambayo hupewa watu wenye pumu, kwa hiyo anayetumia dawa za kila siku amweleze daktari kwamba ameacha kuvuta, ili dozi iangaliwe upya.

Kuhusu tambuu na ugoro, nasema kwa uzito wote: usiviguse. Nikotini iliyomo ni ile ile, na tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa. Popoo yenyewe inayotiwa katika tambuu, hata bila tumbaku, ilithibitishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 2004 kuwa ni kisababishi cha saratani. Chingamu na plasta ni jambo jingine kabisa. Zina nikotini peke yake, bila lami wala hewa ya sumu ya moshi, na huiingiza taratibu, kisha dozi hushushwa hadi mwili ukajitegemea. Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Kwa aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, plasta huanzia miligramu 21, ikashuka hadi 14 na kisha 7 kwa muda wa wiki kadhaa, na chingamu hutumika juu yake pale kiu inapopanda ghafla. Wewe umeonywa kuhusu moyo wako, kwa hiyo anza kwa kumwonyesha daktari wako. Yeye pia ndiye mwenye kuandika vidonge vya kusaidia kuacha sigara kama bupropioni, ambavyo mwenye kifafa hapewi.

Wengi huilaumu chingamu kwa sababu hawakuelekezwa namna ya kuitumia. Haitafunwi mfululizo kama ya dukani. Itafune polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili manga, kisha ibane kati ya ufizi na shavu, uiache hapo mpaka ukali upotee, ndipo uitafune tena, na uendelee hivyo kwa nusu saa. Nikotini yake hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na penye uchachu haipenyi vizuri. Kahawa, soda, maji ya ndimu au ya ukwaju ndani ya dakika 15 kabla ya kuitumia huiharibia kazi, na mate yakimezwa kwa wingi huleta kwikwi na kichefuchefu.

Mzee wa Langoni

Mwanangu nahodha, hilo ulilolisema juu ya petroli ndilo lenye siri, nami naomba usilipite haraka. Mimi niliacha katika mwezi wa Ramadhani, kama walivyoacha wengi wa rika langu hapa Lamu, na kila aliyefunga akiwa mvutaji anajua kwamba adhuhuri si saa ya hatari. Jua liko utosini, sigara ya mwisho ilivutwa kabla ya alfajiri, na bado kiu imetulia, kwa sababu nafsi inajua kwamba mlango umefungwa. Inaanza kuchachamaa Alasiri, na adhana ya Magharibi ikilia, mtu hajamaliza tende ya kwanza ila mkono wake tayari unatafuta kiberiti. Ndani ya boti umejifungia mlango wewe mwenyewe kwa miaka yote hiyo. Gatini na barazani uliuacha wazi, na ndipo kiu inapopitia.

Mimi nililazimika kuyahama makazi ya sigara yangu. Mabaraza sikuyaacha, maana mtu hawezi kuishi Lamu bila watu wake, lakini nilikaa upande wa wasiovuta, nikawaeleza wenzangu mbele ya kadamnasi kwamba yeyote atakayenipa kijiti cha sigara amenidhulumu. Kinywani niliweka mswaki wa mti. Naupendekeza kwa moyo wote, kwa sababu vidole vinapata cha kushika na meno yanapata cha kufanya, na hakuna atakayekuuliza kwa nini unapiga mswaki baada ya Isha. Karafuu moja chini ya ulimi inasaidia pia.

Nakuomba vilevile uwaepuke walaji wa miraa kwa miezi hii. Miraa na sigara huandamana, na nimewaona waliokuwa wamekwishaacha wakirudi kwa sababu ya kikao kimoja cha miraa. Na kuna jambo la maduka yetu ya mitaani kuuza sigara moja moja, ilhali Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka pakiti isiyopungua sigara 10. Kijiti kimoja hakimgharimu mtu kitu, na ndiyo maana kinamrudisha kwa wepesi. Wakati wa kutoka gatini usichukue njia ile yenye duka lako la zamani, hata kama njia nyingine ni ndefu.

Mama wa Shela

Nahodha, mume wangu alipoacha, nilijifunza mambo ambayo ningependa watu wa nyumbani kwako wayajue. Usiulizwe kila saa kama umevuta au hujavuta, kwa sababu swali lenyewe linaamsha kiu. Kanzu, vikoi, mashuka na pazia za chumbani vifuliwe vyote na kuanikwa juani, kwani harufu ya moshi hukaa kitambaani muda mrefu, na puani mwa anayeacha inakuwa mwito. Vibiriti na visahani vya majivu vitoke ndani ya nyumba. Chakula cha usiku kiliwe mapema na kiwe na mboga na samaki, asubuhi papai na maji ya kutosha, na hapo tumbo litafunguka. Hasira zikija, mtoke kidogo, mtembee pwani mpaka zipoe, na watoto waambiwe kwamba baba anaumwa na atapona. Kwetu ilichukua majuma machache, na ukali wake ulipungua siku hadi siku.

Nahodha wa Mokowe

Nawashukuru sana, na wewe Mzee wangu Mungu akuzidishie. Habari ya kahawa sikuwahi kuisikia popote, na kwa hesabu yangu ya vikombe nadhani ndiyo iliyoninyima usingizi. Muuguzi, nina maswali matatu. Mimi hushinda katika jasho na maji ya chumvi. Je, plasta itashika? Ramadhani ikifika, nitaweza kuendelea nayo nikiwa nimefunga? Na kama siku moja nitazidiwa nikavuta kijiti kimoja, nitakuwa nimeanza upya kabisa?

Muuguzi, Malindi

Nahodha, ibandike asubuhi baada ya kuoga, mahali pakavu pasipo na nywele, juu ya mkono karibu na bega au mgongoni, uikandamize kwa kiganja kwa sekunde 10 hivi, na usipake mafuta mahali hapo. Badilisha mahali kila siku ili ngozi isiwashe. Ikikuletea ndoto nzito, ivue unapolala. Ikibanduka kwa jasho, weka nyingine mpya, wala usiibandike tena iliyokwisha lowa.

Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kwamba dawa zinazopenya kupitia ngozi, zikiwamo plasta zenye dawa, hazibatilishi saumu. Chingamu ni tofauti, kwa sababu ladha na mate yake humezwa, hivyo iwe ya usiku tu. Hata hivyo mwulize imamu wako, akueleze naye kwa ufahamu wake.

Nimeguswa na maneno ya Mzee, kwa sababu yanalingana na jambo lililowahi kupimwa. Watafiti wa Israel waliwachunguza wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, katika safari fupi na safari ndefu, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 walionyesha kwamba kiu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, hata kama safari ilikuwa ya saa chache tu. Wewe unatua gatini mara nyingi kila siku, na hapo ndipo ujiandae kabla hujafika. Ukiona gati liko mbele yako, weka chingamu mdomoni, na ukishafunga boti uwe na kazi ya mikono inayokungoja, kama kukausha boti au kupanga majaketi ya kuokolea, kwa dakika 5 hivi. Wimbi moja la kiu mara nyingi halidumu zaidi ya hapo, ukivuta au usipovuta.

Ukiteleza kwa kijiti kimoja, usinunue cha pili na usivue plasta. Endelea na dozi yako siku ile ile, na utafute ni saa gani na mahali gani palipokushinda. Ila ukipata maumivu ya kifua yanayokwenda begani au tayani, au pumzi kukatika ukiwa umekaa, usiyahesabu kuwa ni arosto ya sigara: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na ukiona huzuni nzito imepita wiki 2 bila kupungua, mweleze daktari wako pia.