Kiyoyozi na kipimo cha kasi ya mishipa ya fahamu

Jamani, maabara yetu hapa Mombasa kiyoyozi hakizimwi. Wenye kisukari karibu wote wanatoka na kasi ndogo, mita 45 kwa sekunde mkononi, hata wasio na ganzi. Mashine au mishipa?

— Baridi hiyo. Pima joto la ngozi kwanza: mkono usipungue nyuzi 32, mguu 30. Kila nyuzi inayoshuka hula mita 1.5 hadi 2.5 za kasi. Tazama na urefu wa wimbi la jibu la mshipa kwenye skrini: baridi hulikuza, ugonjwa hulipunguza.

— Maji ya vuguvugu dakika 10, kisha subiri kidogo, maana ngozi hupata joto kabla ya mshipa. Maji yapimwe kwa kipimajoto. Mguu wenye ganzi huungua mwenyewe asijue.

— Na mafuta ya nazi! Yafute kwa spiriti kabla ya kubandika elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa mshipa. Utepe wa kupimia umbali kwenye mshipa nao: kwenye sentimita 10, kukosea sentimita 1 ni asilimia 10 nzima.

Waliokwishapimwa je, nirekebishe kasi zao kwa hesabu ya joto?

— Warudiwe. Hesabu hizo zilitokana na mishipa mizima. Kwa iliyougua haziaminiki.