Naombeni ushauri: jumuiya yetu hapa Edmonton iandike nini kuhusu bomba jipya la mafuta?

BintiTanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Mbunge wa eneo letu amewaomba wakazi wampelekee maoni ya maandishi kuhusu bomba jipya la mafuta ghafi linalokusudiwa kujengwa kutoka Alberta hadi pwani ya British Columbia, na wenzangu wamenikabidhi kazi ya kuandaa rasimu. Nimeianza mara tatu na nimeifuta mara tatu.

Chanzo cha mjadala ni hati ya makubaliano iliyotiwa saini mjini Calgary tarehe 27 Novemba 2025 kati ya Waziri Mkuu Mark Carney na Waziri Kiongozi wa Alberta, Danielle Smith. Hati hiyo inazungumzia bomba la kusafirisha mapipa yasiyopungua milioni 1 kwa siku kwa ajili ya masoko ya Asia, lijengwe kwa fedha za sekta binafsi, na mataifa ya wenyeji wa asili yawe na sehemu ya umiliki. Alberta nayo imekubali bei ya kaboni, yaani tozo ya hewa chafu wanayotozwa wenye viwanda, ipande, sambamba na mradi mkubwa wa kunasa hewa ya ukaa. Siku hiyohiyo Steven Guilbeault, aliyepata kuwa waziri wa mazingira, alijiuzulu uwaziri kwa kuyapinga makubaliano hayo.

Karibu nusu ya wanajumuiya wetu wanakula kwa kazi za mafuta: wapo mafundi wa kuchomelea, madereva wa malori, na akina mama wanaopika katika kambi za wafanyakazi kule kaskazini. Vijana wetu wengi wanapinga kwa kuhofia mabadiliko ya tabianchi, nami siwezi kuwaambia kwamba wanaota, kwa sababu moto wa nyika wa mwaka 2016 katika Fort McMurray, mji wa wachimba mafuta kaskazini mwa Alberta, uliowahamisha watu zaidi ya 80,000, ulileta familia mbili kulala sebuleni kwangu kwa wiki kadhaa. Nyumbani kwetu Tanga nako bomba linalotoka Hoima linaishia Chongoleani, kwa hiyo kila ninapompigia mama simu mazungumzo yanarudi palepale.

Swali langu ni hili: tuunge mkono, tupinge, au lipo jambo jingine la kweli tunaloweza kusema bila kuwasaliti wenzetu wa upande wowote? Aidha, je, ni haki sisi tuliohamia juzi tu kusema neno juu ya ardhi ambayo si ya babu zetu?

FundiMtambo

Dada, pole kwa mzigo huo. Nimefanya kazi kwa miaka 9 katika mchanga wa mafuta, yaani mchanga wa kaskazini mwa Alberta unaochimbwa mafuta mazito, na nitasema wazi kwamba mimi nauunga mkono mradi huu.

Sehemu kubwa mno ya mafuta ghafi yanayouzwa nje ya Kanada huenda Marekani, na mwenye mteja mmoja hupangiwa bei. Mwishoni mwa mwaka 2018 pengo kati ya bei ya mafuta yetu mazito na ile ya mafuta ya Marekani lilipita dola 40 kwa pipa, hadi serikali ya jimbo, wakati huo chini ya Rachel Notley, ikalazimika kuagiza uzalishaji upunguzwe kwa mapipa 325,000 kwa siku kuanzia Januari 2019. Wenzangu kadhaa walipoteza kazi majira hayo. Bomba la Trans Mountain, linalotoka Alberta hadi pwani karibu na jiji la Vancouver, lilipopanuliwa na kuanza kufanya kazi Mei 2024, na uwezo wake kupanda kutoka mapipa 300,000 hadi 890,000 kwa siku, pengo lile lilipungua. Kisha Machi 2025 Rais Trump akaweka ushuru wa asilimia 10 kwa nishati ya Kanada, na ingawa bidhaa zinazotimiza masharti ya mkataba wa biashara kati ya Kanada, Marekani na Meksiko zilisamehewa siku chache baadaye, kila mtu hapa alielewa ni hatari gani kuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

Mrabaha wa mafuta, yaani malipo ya kampuni kwa jimbo kwa kuchimba, ndio unaolipia sehemu kubwa ya hospitali na shule ambazo watoto wetu wanazitumia. Vijana wanaopinga wana haki yao, lakini barua yenu isiwasahau wale wanaoamka saa kumi alfajiri katika baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri ili familia zao zile.

MwambaoWaMagharibi

Namheshimu sana kaka FundiMtambo na jasho lake. Naomba tu naye atazame ramani kutoka upande wetu wa pwani, ambako hilo bomba litaishia.

Tangu mwaka 2019 ipo sheria inayokataza meli zinazobeba zaidi ya tani 12,500 za mafuta ghafi kupakia au kupakua katika bandari za pwani ya kaskazini ya British Columbia, kutoka ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Vancouver hadi mpaka wa Alaska. Makubaliano ya Calgary yanaacha nafasi ya kuirekebisha sheria hiyo endapo italazimu. Oktoba 2016 chombo cha kukokotea matishari kiitwacho Nathan E. Stewart kilipanda mwamba karibu na Bella Bella, kikamwaga takriban lita 110,000 za dizeli katika maji ambayo watu wa Heiltsuk, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, wamevua chaza na samaki kwa vizazi visivyohesabika. Hicho kilikuwa chombo kidogo, na dizeli huelea na sehemu yake hupotea hewani. Mafuta mazito ya Alberta, yakikaa majini na kuchanganyika na mashapo, yanaweza kuzama.

Mtu aliyekulia Tanga anajua maana ya kukaa pwani ukingoja kuambiwa kilichoamuliwa na watu wa bara. Ninachouliza ni nani atakayelipa siku maji yatakapochafuka, na malipo hayo yameandikwa wapi.

WakiliWaMtaa

Ndugu katibu, nimesomea sheria hapa Kanada, hivyo niruhusu nirefushe kidogo kuhusu nani hasa mwenye kauli, kwa kuwa naona ndipo barua nyingi za wananchi zinapokosea anwani.

Kwetu Tanzania tumezoea kwamba madini ni mali ya wananchi yakiwa chini ya dhamana ya Rais, na serikali ya Dodoma ndiyo inayotoa leseni. Kanada ni tofauti. Alberta, Saskatchewan na Manitoba zilikabidhiwa rasilimali zao mwaka 1930, na katika Katiba ya mwaka 1982 kikaongezwa kifungu cha 92A kinachothibitisha mamlaka ya majimbo juu ya rasilimali zisizorejesheka. Kifungu hicho hakikuja hivihivi: miaka miwili kabla yake serikali ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau ilikuwa imeanzisha mpango wa taifa wa nishati, ambao watu wa Alberta waliuona kama kunyang'anywa mali yao, na uchungu huo bado umo katika siasa za jimbo hadi leo. Lakini bomba likivuka mpaka wa jimbo, linakuwa la serikali ya shirikisho. Ndiyo maana Alberta haiwezi kulijenga peke yake, wala British Columbia haiwezi kulizuia peke yake.

Juu ya serikali hizo zote, ya shirikisho na za majimbo, kuna kifungu cha 35 cha Katiba, kinachotambua haki za wenyeji wa asili. Mwaka 2004, katika kesi ya watu wa Haida, wenyeji wa asili wa pwani ya British Columbia, Mahakama ya Juu ilisema kwamba serikali inao wajibu wa kushauriana nao kabla ya uamuzi unaoweza kugusa haki zao. Wajibu huo si kura ya turufu, ila una meno. Bomba la Northern Gateway, lililokusudiwa kutoka Alberta hadi Kitimat katika pwani ya kaskazini ya British Columbia, liliidhinishwa mwaka 2014, kisha Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ikaifuta idhini hiyo mwaka 2016 kwa sababu mashauriano hayakutosha, na serikali ikaukataa mradi mwaka huohuo. Agosti 2018 mahakama hiyohiyo ikafuta idhini ya upanuzi wa Trans Mountain. Serikali ikarudi kushauriana, ikatoa idhini upya Juni 2019, na pingamizi zilizofuata zikashindwa mwaka 2020.

Kwa hiyo ninapoitazama sheria ya Juni 2025, inayoiruhusu serikali kuu kuutangaza mradi kuwa wa manufaa kwa taifa na kuuharakishia vibali, nina wasiwasi wa kweli. Haraka inayowaruka wenyeji mwanzoni hulipwa mahakamani baadaye, na anayeumia kwanza ni huyo fundi aliyeahidiwa kazi. Barua yenu ikidai kwamba mashauriano yakamilike kabla mradi haujatangazwa, itakuwa inamlinda kaka yetu wa Fort McMurray na vilevile dada yetu wa pwani.

MzeeKilindini

Binti yangu, nimestaafu hapa Calgary baada ya miaka mingi katika uhasibu, kwa hiyo mimi nitasemea fedha.

Serikali kuu iliinunua Trans Mountain mwaka 2018 kwa dola bilioni 4.5 za Kanada, ikiambiwa mwaka mmoja kabla kwamba upanuzi ungegharimu bilioni 7.4. Kazi ilipokwisha gharama ilikuwa imefikia takriban bilioni 34. Jimbo letu nalo liliweka fedha katika Keystone XL, bomba la kupeleka mafuta ya Alberta Marekani, na Rais Biden alipokifuta kibali chake siku ya kwanza ya urais wake, Januari 2021, walipa kodi wa Alberta wakapoteza takriban bilioni 1.3. Hayo yote yalianza kwa maneno mazuri kuhusu wawekezaji. Andikeni basi kwamba neno "sekta binafsi" lililo katika makubaliano liwe sharti la kisheria, na dhamana yoyote ya serikali itangazwe bungeni pamoja na kiasi chake.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Mwaka 1976 Peter Lougheed, Waziri Kiongozi wa wakati huo, alianzisha mfuko wa akiba wa Alberta, ukiwekewa asilimia 30 ya mapato ya rasilimali. Kufikia mwaka 1987 michango hiyo ya kila mwaka ilikuwa imesimamishwa. Norway ilianza kuweka akiba mwaka 1996, miaka 20 nyuma yetu, na leo mfuko wake una zaidi ya dola trilioni 1 za Marekani. Sisi tumebaki na visima vya mafuta vilivyoachwa bila kutumika wala kusafishwa, ambavyo mwaka 2020 serikali kuu ilitoa bilioni 1 kwa Alberta pekee ili visafishwe. Ulizeni ni asilimia ngapi ya mrabaha wa bomba hili itawekwa akiba, na dhamana ya usafishaji italipwa lini. Mimi ningependa ilipwe kabla ya pipa la kwanza kupita.

BintiTanga

Shikamoo, Mzee. Nawashukuru nyote, nami nimekaa na majibu yenu usiku mzima.

Naona sasa kwamba nilikuwa nikilazimisha jumuiya yenye nyumba mbili iseme kwa sauti moja juu ya "ndiyo" au "hapana". Rasimu itasema waziwazi kwamba wanachama wetu hawakubaliani juu ya bomba lenyewe, kisha itaeleza wanayokubaliana: mashauriano na wenyeji kabla ya tangazo, fedha za umma zisiingie kwa mlango wa nyuma, dhamana ya umwagikaji na usafishaji iwekwe mapema, na sehemu ya mrabaha iwekwe akiba kwa sheria. Limebaki lile swali langu la pili, ambalo hakuna aliyeligusa.

WakiliWaMtaa

Samahani, dada, nililiruka. Mnalipa kodi, mnavuta moshi uleule wa moto wa misitu kila kiangazi, na baadhi yenu mnapiga kura. Kusema ni haki yenu. Ila kabla ya kutuma, pelekeni nakala kwa kituo cha wenyeji wa asili kilicho karibu nanyi, mwombe kikao, msikilize kwanza. Edmonton imo katika eneo la Mkataba wa Sita wa mwaka 1876, uliotiwa saini kati ya serikali na mataifa ya wenyeji wa asili, na wajukuu wa waliotia saini ni majirani zenu.

FundiMtambo

Ikiandikwa hivyo, dada, hata mimi nitaitia saini. Naomba tu kwenye aya ya dhamana muongeze mafunzo kwa wafanyakazi, endapo kazi za mafuta zitapungua kabla sijafikia umri wa kustaafu.

BintiTanga

Nimeiongeza, kaka. Kikao chetu ni Jumamosi, na Jumatatu asubuhi nitapiga simu kituoni.