Mjadala: Wanafunzi wa ustawi wa jamii wapewe kipaumbele kwenye mikopo au waendelee kubaki nyuma?

Mleta mada
Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili bila matusi. Mimi ni afisa ustawi kwenye hospitali ya serikali. Kazi yangu kubwa ni wagonjwa waliotelekezwa, msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza na watoto waliofanyiwa ukatili, na kila mwaka vyuo vinatuletea wanafunzi wa field. Wengi wanaokuja kwangu hawana mkopo. Sasa hivi nina binti mmoja, asubuhi yuko ofisini kabla yetu, lakini mchana wenzake wakienda kwa mama ntilie yeye anabaki anapanga mafaili. Juzi ililetwa kesi ya mtoto wa darasa la tatu, PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, ilikuwa na makosa ikabidi warudi polisi dawati la jinsia na watoto, gari la ofisi halina mafuta, yule binti akatoa hela yake akawalipia bodaboda mtoto na bibi yake. Baadae ndo nakuja kujua ilikuwa nauli yake ya kurudi geto.

Hoja yangu sasa. Bodi ya Mikopo inapanga fani kwa vipaumbele, udaktari, uhandisi, ualimu wa sayansi viko juu, sisi tuko kule chini na sayansi za jamii kwa ujumla. Samia Scholarship ilipoanza 2022/23 ikalenga waliofaulu sayansi form six, sawa, sina kinyongo nao. Mikopo ya diploma ilipofunguliwa 2023/24 zikatajwa fani za afya kama fiziotherapia na optometria, ualimu, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Ustawi haumo. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 hakimu anaitekelezaje bila taarifa ya uchunguzi ya afisa ustawi? Mnasema je?

Mdau, Dodoma
Mkuu pole kwa kazi ila ntakuwa mkweli. Hela ya Bodi ni mkopo, inatakiwa irudi ili wadogo zetu nao wakopeshwe. Mtu akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, asipoajiriwa Bodi inamtafuta wapi? Ajira za ustawi zikitoka ni chache, waombaji wamejaa. Ukiwaongezea mkopo unawaongezea deni tu, na lile deni haliwasahau. Mimi ningesema vyuo vipunguze udahili kwanza.

Mhitimu, bado natafuta ajira
Huyo wa Dodoma ana hoja na mimi ndo mfano hai, nimemaliza ustawi nina deni na sina kazi. Lakini kaka, hoja yako inaangalia upande mmoja. Nafasi ni chache kwasababu vibali havitoki, siyo kwasababu kazi haipo. Nenda kata yoyote uulize afisa ustawi yuko wapi, utaambiwa yuko halmashauri anahudumia kata kibao peke yake, na akisafiri basi hakuna. Mpango wa MTAKUWWA, ule wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18 mpaka 2021/22 uliweka kamati za kuwalinda wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji, mtaalamu wa kuzisimamia ni nani kama siyo huyu tunayesema asikopeshwe? Kupunguza udahili ni kukubali kwamba mtoto wa kijijini hatapata mtu.

Angalau tushukuru 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa na penati ya asilimia 10 pia, maana deni langu lilikuwa linakua kila mwaka na mimi niko nyumbani tu.

Mama wa mwanafunzi, Tabora
Samahanini wanangu, mimi sijui mambo ya sera, nauliza la kwangu. Binti yangu amechaguliwa shahada ya ustawi wa jamii. Baba yake alishafariki, nauza mbogamboga. Tuliomba mkopo akakosa, wakasema nyaraka hazijakamilika. Kuna mtu kwenye simu anasema kuna skolashipu ya nje ya wasichana, anataka elfu themanini ya usajili. Nimtumie?

Mleta mada
Mama shikamoo. USITUME. Skolashipu ya kweli haiombi hela kwenye namba ya mtu binafsi, huyo ni tapeli mblock leo leo. Ntakujibu vizuri kuhusu nyaraka hapo chini, ngoja nimalizane na hawa.

Kaka wa Dodoma, nimekuelewa kuhusu marejesho, na ndo maana sing'ang'anii wote wapewe asilimia mia ya ada. Nachopigania ni kidogo kuliko hicho. Mwanafunzi mwenye mkopo anaweza kupata hela ya mafunzo kwa vitendo, elfu kumi kwa siku isiyozidi siku 56. Asiye na mkopo hapati hata mia, na wakati huohuo yuko kwenye ofisi ya umma anafanya kazi ya umma, anaandika taarifa za mahakamani, anakaa na mama aliyepigwa mpaka anaacha kutetemeka. Hiyo hela itoke kama ruzuku kwa kila mwanafunzi wa ustawi aliyepangiwa hospitali, mahakama, mahabusu ya watoto au halmashauri. Isiwe mkopo, maana hapo yeye ndo anatuhudumia.

Mdau, Dodoma
Sasa hapo umesogea, ila mwanafunzi wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha (BTP) naye atasema hivyohivyo, nesi naye, mwanasheria naye. Serikali itawalipa wangapi? Na halmashauri zenyewe makusanyo unayajua. Bora iwe bondi, unasomeshwa bure halafu unatumikia wilaya ya pembezoni miaka kadhaa.

Mhitimu, bado natafuta ajira
Bondi naikubali hata kesho asubuhi, nipelekeni Kakonko. Lakini bondi bila kibali cha ajira ni karatasi, ntatumikia wapi? Waanze na mkataba wa ajira halafu ndo bondi. Kwa wanaosoma sasa wasikae kusubiri Bodi tu: aliyelelewa kwenye mradi wa Compassion kupitia kanisa aulize kama kuna msaada baada ya sekondari, msichana aliyesaidiwa na CAMFED, lile shirika la kusomesha wasichana, awafuate walewale, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni muingie mapema mwezi wa kwanza wa masomo, msisubiri siku ya mtihani mmezuiwa ndo mnalia mlangoni.

Mleta mada
Kaka wa Dodoma, mwalimu na nesi wakidai mimi ntawaunga mkono, ila wao tayari wako kwenye vipaumbele, anayeachwa ndo anaanza. Hapo hatutakubaliana na ni sawa.

Mama yangu wa Tabora, sasa wewe. Cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha kifo cha baba vyote vihakikiwe RITA, wale wakala wa vizazi na vifo, kabla dirisha halijafunguliwa, wengi wanaenda siku za mwisho mfumo umeelemewa. Majina ya cheti cha kuzaliwa na ya form four yafanane, kama kuna herufi imepishana nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo mapema. Kama kaya yenu iko TASAF chukua namba ya kaya kwa mtendaji msiiache, hiyo inasaidia sana kuonyesha hali yenu. Fomu isainiwe na kugongwa muhuri serikali ya mtaa na kwa hakimu au wakili, mdhamini aweke sahihi na picha yake, kila ukurasa uangalie mara mbili kabla ya kupakia kwenye mfumo kwasababu sahihi moja tu ikikosekana mnarudi kulekule. Akikosa tena awamu ya kwanza asikate tamaa, kuna awamu zinazofuata na kuna rufaa. Na akija mkoa wangu kwa field aniulizie ustawi hapo hospitali, chakula cha mchana tutakula wote.