Manjano yanaishia kwenye shuka, goti liko vilevile. Hii krimu ya nano ni kweli?

MamaNkuhungu:
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamvimba. Vidonge vya maumivu vinamchoma tumbo, kwa hiyo kila jioni namkanda na manjano ninayotwanga mwenyewe, nachanganya na mafuta ya alizeti, napasha kidogo. Mwezi wa pili huu. Shuka zote zimekuwa za njano, kitenge chake kizuri kimeharibika, na goti ni lilelile.

Wiki iliyopita duka moja la vipodozi wameniuzia kikopo kwa elfu thelathini na tano, kimeandikwa nano ya manjano. Muuzaji anasema inapenya mpaka mfupani. Siku ya tatu ngozi ikaanza kumwasha, nikaacha. Hivi vitu vya nano vipo kweli au nimepigwa?

Kijana_wa_Swaswa:
Pole sana dada. Hiyo krimu usimpake tena, na kikopo usikitupe.

Mfamasia_Makulu:
Pole dada, na hongera kwa kumhangaikia mama. Nano ipo kweli, ni chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa huohuo, na manjano hayohayo.

Juu kabisa ya ngozi kuna seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na katikati yake udongo wa kushikizia ni mafuta: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huo una unene wa mikroni 10 hadi 20 tu, karatasi ya daftari inauzidi mara kadhaa, lakini ndio unaozuia karibu kila kitu. Kinachopita kwa kawaida ni kidogo, chini ya daltoni 500, yaani kipimo cha uzito wa molekuli. Kurkumini, ile yenye rangi kwenye manjano, ina 368, kwa hiyo ukubwa si tatizo. Tatizo ni kwamba kwenye maji haiyeyuki, mwanga unaiharibu, na kwenye unga wa kutwanga nyingi bado imefungwa ndani ya vipande vya mzizi. Ndiyo maana shuka linapata kuliko goti.

Sisi tulichukua nta ya nyuki ya Manyoni na mafuta ya alizeti. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, tukapandisha hadi 75, tukatia kurkumini, tukamimina maji yenye joto hilohilo na lesithini ndani yake, ile inayosaidia mafuta na maji kuchanganyika. Halafu mashine ya kasi, halafu ya mawimbi ya sauti. Ikipoa unabaki na kitu kama maziwa ya njano, chembe zake nanomita 200 hivi; unywele mmoja una unene wa kama 80,000. Alizeti ina kazi yake hapo: nta peke yake ikiganda inajipanga sana na kuisukuma dawa nje, mafuta yasiyoganda yanavuruga ule mpangilio, dawa inapata pa kukaa.

Ila muuzaji amekudanganya kuhusu mfupa. Chembe zenyewe hazisafiri. Zinanata juu, zinafanya utando, maji ya ngozi hayatoki, ule ukuta unalowana na kulegea, ndipo dawa inaachia na kuingia. Nyingine zinajificha kwenye vishimo vya vinyweleo. Kwa ugonjwa wa ngozi yenyewe ina matumaini makubwa. Goti liko mbali sana chini.

MamaNkuhungu:
Nimekuelewa kaka. Nta ninayo ndani. Nikipiga kwa blenda?

Mfamasia_Makulu:
Hapana dada. Blenda haifiki huko, utapata krimu ya kawaida tu.

Nesi_Kongwa:
Dada, mama apimwe kwanza. Muulize asubuhi magoti yanakakamaa kwa muda gani. Yakizidi saa nzima inaweza kuwa baridi yabisi, na hiyo ina dawa zake. Kama ni kusagika kwa kawaida, muulize daktari kuhusu jeli ya diklofenaki ya kupaka, maana tumboni inafika kidogo sana kuliko kidonge.

Na kikopo kipeleke. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini kinachodai kutibu ni dawa, hiyo ni ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Krimu nyingine zinafichwa steroidi ndani, dawa kali za kutuliza uvimbe, zinatuliza haraka huku ngozi inakonda. Mzee ngozi yake ni nyembamba tayari.

MamaNkuhungu:
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema tangu adhana ya alfajiri mpaka jua lifike kwenye mwembe ndipo anaweza kukunja goti. Kesho saa moja tunatoka. Kikopo nimekifunga kwenye mfuko wa kaki, kiko ndani ya mkoba.